Siku Niliyoizungushia Chicago

Mgala muue na haki yake umpe, kwa hiyo naanza na haki yake: mdogo wangu Ardis anajua kubashiri mpira, huu wetu wa Kimarekani unaorushwa kwa mikono. Haya, nimesema, na nisiulizwe tena. Yaliyobaki nitayasimulia kwa moyo nilio nao, na moyo wangu kwa habari za Ardis haujawahi kuwa mweupe.

Miaka ishirini na miwili, kila Ijumaa ya msimu, tulikwenda baa ya Norbert kula samaki wa kukaanga na kujaza karatasi. Karatasi inaonyesha michezo yote ya wiki, kumi na sita. Unaizungushia duara timu unayoona itashinda, unaandika jina lako, mimi naandika Lavonne, unaitumbukiza kwenye chupa kubwa iliyokuwa ya matango ya achari. Kilichoingia chupani hakitoki mpaka Jumatatu jioni, Norbert anapohesabu. Mwenye alama nyingi msimu mzima anapigiliwa kibao cha shaba chenye jina lake kwenye ubao wa mwaloni juu ya kaunta. Zawadi nyingine hakuna, wala hakuna aliyewahi kuidai. Watu tulikuwa tunataka shaba.

Vibao vilikuwa ishirini na kimoja. Saba ni vya Ardis. Changu hakuna, hata kimoja. Nafasi ya pili nimeishika mara sita, na nafasi ya pili haina shaba.

Sasa niambieni kama ni haki. Mimi nilikuwa dereva wa basi la shule. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri redio inaninong'oneza nani kaumia kifundo, nani kagombana na kocha, nami nikifika kituoni nayaandika daftarini. Nina madaftari kumi na manne. Ardis je? Ardis anaingia baa na buti za kiwandani, nywele zimelalia upande mmoja kwa sababu ya kofia, ananuka maziwa yaliyoganda. Miaka thelathini na mmoja kageuza jibini katika kiwanda kilekile. Anakaa, anaagiza samaki na saladi ya kabichi, anajaza karatasi kwa dakika nne, samaki mkono huu, kalamu mkono huu. Karatasi yake inalowa mafuta mpaka unaona meza kwa chini. Kisha Jumatatu anatushinda sote.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Ardis, Seattle umeiacha kwa nini? Wameshinda mara tano mfululizo!"

"Wanasafiri."

"Ebo! Kila timu inasafiri."

"Wanatoka pwani ya magharibi, na mchezo ni saa sita mchana wa huku. Miili yao itakuwa bado kitandani."

"Na yule mrushaji wao? Mkono wa dhahabu ule."

"Mwache arushe. Anayemlinda nani? Wale wanene wawili wa mbele wanauguza magoti." Akalamba kidole. "Dada, jibini haliozi kuanzia juu."

Seattle ikafungwa. Nikarudi nyumbani nikaandika daftarini: *magoti ya wanene*. Nilikuwa na miaka hamsini na nne, najifunza mpira kwa mgeuza jibini niliyemfunga viatu akiwa mdogo.

Lakini wivu wangu haukuanzia kwenye ubao. Ulianzia kwenye viti.

Mtu wa kwetu akifa, watu hawaulizi kuhusu nyumba wala shamba. Wanauliza viti vyake katika uwanja wa Green Bay, timu yetu, vimekwenda kwa nani. Ukijiandikisha leo kuvinunua, utakufa bado uko kwenye foleni, na jina lako watalifuta wajukuu zako. Viti havipatikani ila kwa damu. Baba yetu alikuwa na viwili, safu ya thelathini na nane, upande wa jua. Na si viti hasa, ni namba mbili zilizopigwa juu ya benchi la alumini, kila moja upana wa makalio ya mtu asiyekula sana. Wakili aliposoma wosia, viti vyote viwili vikaenda kwa Ardis. Mimi, mkubwa, nilipata mashine ya kuondolea theluji.

Najua kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Ardis kumi na miwili. Mwaka ule Green Bay ilikuwa inafungwa na kila anayepita njia. Jumapili moja asubuhi tuko mezani, baba ana kiti kimoja cha ziada kwa sababu mama alikuwa na mafua, akaweka uma chini akatuuliza, "Haya mabinti, leo nani anashinda?"

Nikajibu kwa akili. "Minnesota, baba. Kwa mbali."

Ardis, mdomo umejaa chapati za maji na sharubati, akapiga kelele, "Sisi!"

Baba akamchukua Ardis. Tulifungwa kwa tofauti ya alama thelathini. Walirudi jioni pua nyekundu kama nyanya, wanaimba, wameshikana mikono, wamefurahi kana kwamba tumechukua kombe. Mimi nilikuwa nimesema kweli, na nilikuwa nimebaki nyumbani namchemshia mama supu. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Basi Ardis akakua na viti vyake. Akaolewa na Clem, dereva wa lori la maziwa, mwanamume mpole aliyecheka hata akikanyagwa, nao wakakaa safu ya thelathini na nane miaka ishirini na tano. Watoto hawakujaliwa. Clem alipofariki nikadhani, sasa ataniita. Thubutu! Kiti cha Clem alimpa padri. Alimpa daktari wa meno. Alimpa Norbert. Alimpa binti yangu Renata mara tatu, na Renata akirudi ananisimulia mchezo wote, nami natikisa kichwa, natabasamu, huku roho inaniuma mpaka kwenye fizi. Jirani yangu aliwahi kumwuliza Ardis mbona hamchukui dada yake. Akajibu, "Hajawahi kuniomba." Jamani, mtu anaomba kiti cha baba yake mwenyewe?

Mwaka jana, Septemba, Norbert akatangaza kwamba magoti yake yamechoka na anafunga baa msimu ukiisha. Kwenye ubao ilibaki nafasi moja, chini kabisa kulia. Nikaapa hiyo ni yangu. Sikulala usingizi mzuri miezi minne. Nilihesabu magoti ya wanene wa timu zote thelathini na mbili. Na ikafika wiki ya kumi na nane, ya mwisho, mimi na Ardis tuko sawasawa kwa alama, wengine wako nyuma huko hata vumbi letu hawalioni.

Norbert alituweka meza moja Ijumaa ile, mshenzi, ili watu waone. "Akina dada, mkitaka visu semeni mapema!" Baa ikacheka. Ardis akacheka. Mimi nilitafuna samaki.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Kwa jinsi nilivyokuwa nimejifunza ujanja wake, michezo kumi na mitano tungechagua sawa au karibu na sawa. Na tukilingana, mshindi anaamuliwa kwa kukisia jumla ya alama katika mchezo wa Green Bay, na kukisia jumla Ardis hana mpinzani. Kwa hiyo nilihitaji mchezo mmoja ambao nina hakika, hakika kabisa, yeye atachagua upande wake na mimi wangu. Na mchezo huo ulikuwepo. Ulikuwa mstari wa chini kabisa.

Kwenye karatasi ya Norbert mstari wa Green Bay huwa haujazwi. Miaka ishirini na miwili sijaona mtu akiuzungushia duara. Unauacha wazi, na kuuacha wazi maana yake ni sisi. Hata tukiwa tunacheza na malaika, ni sisi. Norbert wakati wa kuhesabu hautazami, anapiga alama tu kwa kila mtu, ama anaacha kwa kila mtu. Hata Ardis, mwenye kichwa baridi kama ghala lake la jibini, mstari huo alikuwa anauacha wazi.

Wiki ile tulikuwa tunacheza na Chicago nyumbani kwetu. Wanene wetu watatu walikuwa majeruhi. Watatu! Mtoto wa darasa la pili angejua. Nikaificha karatasi kwa mkono kama mwanafunzi, nikachukua kalamu nyekundu, nikaizungushia Chicago. Nikaikunja mara nne, nikaitumbukiza chupani, nikaenda kuchukua koti langu.

Ardis akanifuata mpaka mlangoni. "Dada. Jumapili una shughuli?"

"Shughuli gani? Nitaangalia mpira."

"Njoo tuangalie wote. Kule." Alikuwa anahangaika na zipu yake, hanitazami. "Ningekuita zamani. Nilikuwa naona kama unanichukia, basi naahirisha, naahirisha. Nimechoka kuahirisha."

Nikatazama chupa juu ya kaunta. Karatasi yangu ilikuwa juu kabisa, naiona kwa macho yangu. Lakini kilichoingia chupani hakitoki, na Norbert kwa sheria hiyo angemkatalia hata mama yake mzazi.

"Nitakuja," nikasema.

Jumapili ile ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Tulipanda ngazi hadi safu ya thelathini na nane, Ardis akakunjua kipande cha godoro, akakitandika juu ya namba. "Hii ya kwako ndiyo aliyokuwa anaikalia baba," akasema. Nikakaa. Nina miaka sitini na mitatu, nimezika wazazi na nimemwacha mume, na nilitaka kulia kwa sababu ya benchi. Ardis akanimiminia kahawa. Kisha akasema, kama mtu anayeomba chumvi, "Nimechukua fomu. Kiti hicho nataka kiandikwe jina lako. Jumanne twende ofisini tukasaini, halafu tukale supu."

Nilimshika mkono, glavu kwa glavu.

Mpira ukaanza. Na hapo ndipo mwone moyo wa binadamu ulivyo mchafu. Nimekalia kiti cha baba, mdogo wangu amenipa nilichokililia miaka arobaini na saba, na moyoni, haki ya Mungu, naiombea Chicago. Green Bay wakivuka mstari na kupata alama, watu elfu sabini wanaruka, mimi naruka nao, usoni nacheka, tumboni nahesabu. Wivu ukishazoea kukaa ndani ya mtu hauhami kwa sababu umeletewa kahawa. Nilimtazama Ardis anavyopiga makofi, nikawaza: una vibao saba, niachie kimoja.

Zikabaki sekunde tano. Sisi ishirini, wao kumi na tisa. Chicago wakamleta mpigaji wao, mbali, mbali sana, upepo unampiga usoni. Uwanja mzima ukawa unazomea mpaka benchi linatetemeka. Akapiga. Mpira ukapanda, ukayumba, nikaona unakwenda nje, kisha ukarudi, ukapita katikati ya milingoti. Alama tatu: wao ishirini na mbili.

Uwanja ukanyamaza ghafla. Na katika kimya kile nikagundua kwamba nimesimama. Nimesimama, mikono yote miwili juu, mdomo wazi, na kutoka mdomoni kumetoka neno "Ndiyooo!" Safu tano chini yangu kulikuwa na bwana mmoja mnene mwenye kofia ya Chicago, naye kasimama. Ni sisi wawili tu. Akageuka, akaniinulia kikombe chake. "Safi sana, mama!"

Ardis alikuwa amekaa. Alinitazama kutoka chini, bila hasira. Afadhali angekasirika.

"Kaa, dada," akasema. "Unawaziba watu."

Njiani nilisema neno moja tu kuhusu barabara kuteleza. Akaitikia, "Mm."

Jumatatu jioni baa ilijaa kama msiba, maana ulikuwa msiba kweli: tumefungwa na Chicago, na baa inafungwa. Norbert alikuwa ameweka mikate myeusi yenye nyama mbichi ya kusaga na vitunguu, kama desturi ya huku kwetu ya mwaka mpya. Akahesabu. Mimi alama kumi na moja, Ardis kumi na moja. "Na mstari wa mwisho," akasema, kalamu inakwaruza, "tumekosa wote, Mungu atusamehe. Basi wamelingana! Jumla ya alama arobaini na mbili. Lavonne alisema hamsini na moja. Ardis alisema arobaini na tatu. Ardis, mama wa baa, kibao cha nane!"

Watu wakapiga meza. Nami nilijua ukweli. Nilikuwa na kumi na mbili. Neno moja tu lilitakiwa: *Norbert, tazama vizuri.* Nikafungua mdomo. Nikaona nyuso zile, watu niliobeba watoto wao kwa basi, macho yao bado mekundu kwa mchezo wa jana. Nikafunga mdomo.

"Norbert," akasema Ardis. "Mstari wa mwisho hujausoma."

"Ule nani anasoma?"

"Wewe. Usome wa dada yangu."

Norbert akacheka, akaifungua karatasi yangu tena, akaisogeza kwenye taa. Kicheko kikamwishia njiani. Akaigeuza kwa watu, na wote wakaliona duara langu jekundu.

"Chicago," akasema, polepole, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Loo! Nilisikia mambo. "Lavonne, hata wewe?" "Mwangalieni, na samaki wetu kala!" Mzee mmoja akaniuliza kwa sauti iwapo nayahitaji matairi ya gari langu leo. Lakini sheria ni sheria. Norbert akachukua nyundo, akapigilia kibao changu kona ya chini kulia, misumari miwili, na kila pigo nililisikia kwenye meno. Aliyepiga makofi alikuwa mmoja, Ardis. Alipiga mara tatu, akavaa koti, akaondoka.

Jumanne nilivaa vizuri tangu saa mbili. Nikachemsha kahawa. Saa tano nikampigia.

"Ardis, leo Jumanne."

"Najua."

"Ile fomu..."

"Dada," akasema, "vibao saba nimevipata kwa akili. Kile kiti nilikipata kwa sababu siku ile mezani niliona baba ana huzuni. Nilijua tutafungwa. Nilikuwa mtoto, sikuwa mjinga. Ulitaka shaba, nimekupa. Kula vizuri mchana." Akakata simu.

Norbert alipofunga baa, ubao alimpa mshindi wa mwisho, kama alivyoahidi. Uko sebuleni kwangu, juu ya televisheni, hakuna ukuta mwingine unaoutosha. Kila nikikaa kuangalia mpira nasoma: Ardis, Ardis, Ardis, mara saba, na kule kwenye kona, mahali ambapo taa haifiki vizuri, Lavonne.

Fomu ilisainiwa mwezi wa nne. Damu ni damu, kiti hakikutoka nje ya ukoo. Kimeandikwa jina la Renata, binti yangu wa kumzaa. Alikuja kuniambia huku akilia kwa furaha, nami nikamkumbatia, na juu ya bega lake, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu mtoto wangu.

Septemba, Jumapili ya kwanza ya msimu, Renata alipita asubuhi kuchukua glavu. Ardis alikuwa nje garini, injini inanguruma, hakushuka. Renata akasimama mlangoni na koti lake la kijani, akauliza vivi hivi, huku anatafuta mfuko wa kuweka glavu:

"Haya mama, leo nani anashinda?"

Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Wanene wetu wawili magoti mabovu, wageni wazima wote. Nilijua.

"Sisi," nikasema.

Akacheka, akanibusu, akakimbilia garini. Nikawasikia wakipiga honi mpaka kwenye kona. Tulifungwa kwa tofauti ya alama kumi na saba, na jioni walipita tena mbele ya nyumba yangu, madirisha wameyafungua, wanaimba.